William Clito: Mrithi Aliyenyimwa Urithi

Tarehe ya Ulaya ya Zama za Kati imeandikwa zaidi kwa kufuata nyayo za walioshinda. Aliyeshindwa, hata kama aliwanyima usingizi wafalme kwa muda wa miaka 20, aghalabu hupewa sentensi mbili tatu na kuachwa. Hivyo ndivyo ilivyomfika William Clito, aliyekuwa konti wa Flanders kwa muda wa miezi 16 tu na kufariki mwaka 1128 akiwa na umri wa miaka 25. Makala haya yanakusudia kuyasimulia maisha yake kwa ukamilifu kiasi, maadamu ndani yake yamo mambo ambayo mwanafunzi wa fasihi hawezi kuyapuuza: mtoto aliyeporwa urithi na ami yake, ndoa zilizovunjwa kwa hila, na viapo vilivyotolewa mbele ya umma kisha vikasahauliwa.

Tuanze na cheo chenyewe. Konti alikuwa bwana mkubwa aliyetawala jimbo kwa niaba ya mfalme, angalau kwa maneno. Kwa vitendo wengi wao walijitawala na kumpigania mfalme walipotaka. Eneo la bwana wa namna hii ndilo lililozaa neno la Kiingereza ambalo sisi tumelitohoa kuwa kaunti, na ambalo tangu Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 limekuwa vinywani mwetu kila siku. Ama neno Clito, hilo si jina la ukoo bali ni lakabu. Waandishi wa Kilatini walilitumia kwa maana ya mwana wa ukoo wa kifalme, mtu ambaye damu yake inamstahilisha kukaa kitini. Lakabu hiyo ilikuwa dai, na ilikuwa pia dhihaka ya majaaliwa, kwa kuwa kiti alichostahili hakukikalia kamwe.

Chanzo cha uhasama kilikuwa wosia. William Mshindi, Mtemi wa Normandy aliyeiteka Uingereza mwaka 1066, alipofariki mwaka 1087 aliwagawia wanawe mali kwa namna iliyowagombanisha. Robert, mwanawe wa kwanza, alipata Normandy. William Rufus, aliyemfuata Robert miongoni mwa waliokuwa hai, alipata taji la Uingereza. Henry, kitinda mimba, hakupata ardhi bali fedha. Agosti 1100 Rufus aliuawa kwa mshale akiwa mawindoni, na Robert alikuwa bado njiani akitoka katika Vita vya Msalaba vya Kwanza. Henry hakungoja. Aliwahi kwenye hazina ya kifalme kule Winchester na siku tatu tu baada ya kifo cha nduguye akatawazwa mfalme. Robert aliporejea alikuta mlango umekwisha fungwa.

Alirejea na mke, Sibylla wa Conversano, binti wa bwana mmoja wa Kinormani kutoka kusini mwa Italia. Oktoba 1102 bibi huyo alijifungua mtoto wa kiume mjini Rouen, ndiye William tunayemzungumzia, na mwaka uliofuata akafariki. Mtoto hakumjua mama. Baba naye hakumjua kwa muda mrefu, kwani Septemba 1106 Henry alivuka bahari na jeshi lake na kumkabili nduguye katika uwanja wa Tinchebray. Pigano lilikuwa fupi. Robert alikamatwa na kutiwa kifungoni, na kifungo hicho hakikuisha ila kwa kifo chake miaka 28 baadaye.

William alikuwa hajatimiza miaka minne alipoletwa mbele ya ami yake mjini Falaise. Hapa Henry, ambaye katika kisa hiki chote ni mtu wa hesabu kali, alikosea. Alichelea kwamba kijana akifa mikononi mwake walimwengu watasema amemuua, basi akamkabidhi kwa Helias wa Saint-Saëns, mkwe wa Robert aliyemwoa binti yake wa nje ya ndoa. Helias alimlea William kama mwanawe. Miaka michache baadaye, Henry alipotanabahi kuwa mtoto hukua, alituma watu wamkamate. Helias hakuwepo nyumbani siku hiyo. Watu wa nyumbani mwake walimchukua mtoto akiwa bado usingizini na kumtorosha kabla askari hawajafika. Helias aliporudi hakukuwa na la kuamua: aliiacha ngome yake na mashamba yake, ambayo mfalme aliyatwaa na kumpa mtu mwingine, akamfuata kijana uhamishoni. Hakumwacha tena hadi siku ya mwisho. Katika kisa kilichojaa watu waliobadilisha upande kila upepo ulipogeuka, Helias ni kielelezo cha peke yake, na si ajabu kwamba amesahauliwa zaidi hata ya William.

Kuanzia hapo ni maisha ya mkimbizi wa daraja la juu. Walipitia kwa mabwana mbalimbali wa Ufaransa waliokuwa na kisa na Henry. Kwanza walimtegemea Robert wa Bellême, adui mkubwa wa mfalme, lakini mwaka 1112 Henry alimtia mbaroni. Hatimaye walipokelewa katika baraza la Baldwin VII, konti wa Flanders, ambaye alimvisha William upanga wa askari wa farasi alipofikia umri wa miaka 14. Kufikia hapo mtoto wa kufichwa alikuwa amegeuka silaha. Mfalme Louis VI wa Ufaransa hakupenda jirani yake atawale Uingereza na Normandy kwa pamoja; na makabaila wengi wa Normandy walichoshwa na mkono mzito wa Henry. Wote hawa walihitaji jina la kulipigania, na jina lilikuwapo, tena la haki.

Vita vilivyozuka mwaka 1116 vilielekea kumpa William ushindi. Ngome nyingi za Normandy zilimwasi Henry. Ndipo mambo yakaanza kupinduka. Baldwin alijeruhiwa akiwa vitani Normandy mwaka 1118 na akafariki mwaka 1119; aliyemrithi, binamu yake Charles, akafanya amani na Henry. Tarehe 20 Agosti mwaka huo huo majeshi ya wafalme wawili yalikutana katika uwanda wa Brémule. Louis alishambulia bila mpango, akashindwa na kukimbia hadi akapotea msituni, akaongozwa na mkulima mmoja asiyemjua ni nani. Orderic Vitalis, mtawa wa Normandy ambaye maandishi yake ni chemchemi kuu ya habari hizi, anasema kwamba kati ya askari wa farasi takriban 900 walioshiriki ni watatu tu waliouawa. Walivaa chuma mwili mzima, na kila mmoja alipendelea kumkamata mwenzake akiwa hai ili amtoze fidia. Siku hiyo William alipoteza farasi wake wa safari. Kesho yake binamu yake, William Adelin, mwana wa pekee wa kiume wa halali wa Henry, alimrudishia farasi huyo pamoja na zawadi. Vijana hawa wawili walikuwa karibu hirimu moja, majina yao yalikuwa ya babu mmoja, na kila mmoja alikuwa ukuta mbele ya mwenziwe.

Mwaka uliofuata Louis na Henry walipatana. Adelin alikubaliwa rasmi kuwa mrithi wa Normandy, na William Clito akaachwa nje ya mapatano kama chombo kilichokwisha kazi. Miezi michache ilipita. Usiku wa tarehe 25 Novemba 1120, merikebu iliyoitwa Merikebu Nyeupe iling'oa nanga Barfleur ikiwa imejaa vijana wa daraja la juu waliokuwa wamekunywa divai kupita kiasi, mabaharia wakiwamo. Ikagonga mwamba. Orderic anakadiria kuwa walikuwamo watu wapatao 300, na aliyeokoka ni mmoja, mchinjaji wa nyama kutoka Rouen. William Adelin alizama. Henry, mfalme tajiri kuliko wote wa zama zake, aliamka asubuhi akiwa na binti mmoja tu wa halali, Matilda, aliyeolewa ng'ambo na Kaisari wa Ujerumani.

Ghafla mkimbizi akawa mwanamume wa karibu zaidi katika ukoo. Kwa desturi za wakati ule wengi waliona kuwa Mungu amekwisha amua. Henry hakuona hivyo. Alioa upesi mke mwingine, Adeliza, binti wa Godfrey wa Louvain, akitumaini kupata mwana, mwana hakupatikana.

Sehemu inayofuata ya maisha ya William inaonyesha jinsi vita vya koo vilivyopiganwa madhabahuni na katika mahakama za Kanisa sawa na uwanjani. Mwaka 1123 Fulk V, konti wa Anjou, alimwoza William binti yake Sibylla na kumpa jimbo la Maine. Msomaji azingatie kuwa hii si mahari tuijuayo sisi. Kule mali ilitoka upande wa bibi harusi. Jimbo hilo linapakana na Normandy upande wa kusini, na Henry alitambua kwamba mpwa wake sasa amepata mahali pa kusimama. Aligundua, au waligundua wanasheria aliowalipa, kwamba William na Sibylla walikuwa na udugu wa damu wa daraja linalokatazwa na Kanisa. Papa Calixtus II akaibatilisha ndoa mwaka 1124. Udugu ulikuwapo kweli. Lakini udugu ule ule, kwa daraja ile ile, ulikuwapo kati ya marehemu Adelin na binti mwingine wa Fulk, walipooana mwaka 1119 kwa baraka za Henry. Na ulikuwapo pia kati ya Matilda na Geoffrey, mwana wa Fulk, waliooana kwa amri ya Henry mwaka 1128. Katika ndoa hizo mbili hakuna mwanasheria aliyelipwa auchunguze.

Wakati huo huo uasi mpya wa Normandy, ulioongozwa na Waleran wa Beaumont na Amaury wa Montfort kwa jina la William, ulivunjwa katika pigano la Bourgthéroulde, Machi 1124. Miongoni mwa mateka alikuwamo Luc wa La Barre, askari aliyekuwa pia malenga. Alikuwa ametunga nyimbo za kumkejeli Henry na kuziimba hadharani, watu wakacheka. Mfalme aliamuru apofushwe macho. Charles wa Flanders, aliyekuwapo barazani, alimwombea akisema haifai kumkata viungo mtu aliyetekwa akimtumikia bwana wake. Henry alishikilia kwamba waliompiga kwa upanga angeweza kuwasamehe, lakini si mtu aliyemfanya kichekesho. Luc alijigonga kichwa ukutani hadi akafa kabla adhabu haijatekelezwa. Sisi tunaofundishwa kila muhula kuhusu nguvu ya tungo katika siasa tunapaswa kumkumbuka Luc, kwani yeye aliipima nguvu hiyo kwa kichwa chake mwenyewe.

Henry aliwaapisha makabaila wa Uingereza mwanzoni mwa mwaka 1127 kwamba watamtambua Matilda, aliyekuwa sasa mjane, kuwa mrithi wake. Louis alijibu papo hapo. Alimwoza William Jeanne wa Montferrat, ndugu wa malkia wake kwa upande mmoja wa wazazi, na kumpa jimbo la Vexin mpakani mwa Normandy. Lakini jambo kubwa zaidi lilikuwa linakuja kutoka mahali pasipotazamiwa.

Tarehe 2 Machi 1127, Charles wa Flanders aliuawa kwa mapanga mjini Bruges akiwa amepiga magoti akisali katika kanisa la Mtakatifu Donatian. Waliomuua ni watu wa ukoo wa Erembald, ukoo uliopanda hadi ukashika ngome ya Bruges na ukuu wa mapadri wa kanisa hilo, huku asili yake ikisemekana kuwa ya utwana. Charles alikuwa ameanza kuchunguza nani muungwana na nani mtwana katika jimbo lake, na watu hawa waliona heri kumwaga damu kuliko kurudishwa utumwani. Habari za miezi iliyofuata tunazipata kwa Galbert wa Bruges, karani wa serikali ya konti, aliyeandika mambo takriban siku kwa siku huku mji umezingirwa na yeye mwenyewe yumo ndani. Ni vigumu kupata katika karne ile shahidi wa macho anayelingana naye.

Charles hakuacha mtoto. Wadai wa kiti walikuwa wengi: William wa Ypres, Thierry wa Alsace, Baldwin wa Hainaut na wengineo. Mfalme Louis alifika Arras na kuwashawishi makabaila wamchague William Clito. Dai lake halikuwa la uongo, kwa kuwa nyanya yake, Matilda, mke wa William Mshindi, alikuwa binti wa Baldwin V wa Flanders. Kwa mara ya kwanza maishani, William alikuwa na nchi.

Alianza vizuri. Galbert anasimulia kwamba William alipofika Saint-Omer mwezi wa Aprili, vijana wa mji walitoka kumlaki na pinde na mishale, wakajifanya wanamzuia njia mpaka awape ruhusa yao ya kale ya kuzurura misituni wakinasa ndege na kuwinda kindi na mbweha. William, ambaye utoto wake ulikwisha usiku ule alipotoroshwa akiwa usingizini, aliufurahia mchezo huo, akawapa walichotaka na kuinyakua bendera yao kwa utani. Mji huo ulipewa hati ya haki zake, ikiwa ni pamoja na misamaha ya ushuru. Bruges nao walisamehewa ushuru. Mfalme na konti wakaapa hadharani juu ya masalia ya watakatifu. Wauaji wa Charles walisakwa, na mwezi wa Mei wale waliosalimu amri walitupwa mmoja mmoja kutoka juu ya mnara.

Kilichomwangusha William hakikuwa upanga wa mdai mwingine. Flanders ilikuwa nchi ya miji, ya wafumaji wa nguo na wafanyabiashara, watu waliojua thamani ya ahadi iliyoandikwa. William alilelewa katika ngome na mahema. Elimu yake yote ilikuwa ya makabaila. Makabaila waliokuwa wakifaidi ushuru wa Bruges walipolalamika kuwa konti ametoa kisicho chake, aliwageukia wenyeji mwezi wa Septemba na kuudai ule ushuru aliousamehe kwa kiapo. Kabla ya hapo, tarehe 1 Agosti, alikuwa ametaka kumkamata mtwana wake sokoni Lille siku ya mnada. Mji mzima ukaamka na silaha, naye akauzingira na kuutoza mark 1,400 za fedha. Februari 1128 Saint-Omer, mji wa wale vijana wa pinde, uliasi na kutozwa mark 600. Juu ya hayo, Henry kutoka ng'ambo alimwaga fedha kwa kila aliyekuwa tayari kumpinga mpwa wake, na wafanyabiashara walilalamika kwamba kwa sababu ya konti huyu hawawezi kutoka kwenda kuuza.

Kisha ikafika siku ya Ghent, katikati ya Februari. Wenyeji walikuwa wamechoshwa na msimamizi wa ngome aliyewekwa na konti. Iwan wa Aalst, kabaila aliyesema kwa niaba yao, alimwambia William mbele ya umma kwamba amevunja viapo alivyoapa na wale waliomdhamini. Alipendekeza kuitishwe baraza mjini Ypres, makabaila, mapadri na watu wa busara wa miji wakae bila silaha na kuamua iwapo konti anafaa kuendelea kutawala. Wakimwona hafai, aondoke na wamchague mwingine. Mwandishi wa makala haya anakiri kuwa aliposoma kisa hiki kwa mara ya kwanza alidhani ni nyongeza ya karne za baadaye. Sivyo. Ni mwaka 1128, zaidi ya miaka 80 kabla ya Mfalme John wa Uingereza kulazimishwa kuitia muhuri Magna Carta.

William alijibu kama alivyofundishwa. Alitaka kumrudishia Iwan kiapo chake cha utii ili wawe sawa, kisha wapigane wao wawili. Iwan alikataa. Siku ya baraza ilipofika, konti aliingia Ypres akiwa na kikosi cha watu wenye silaha, na kina Iwan wakakaa mbali. Hapo ndipo Ghent na Bruges walipomwita Thierry wa Alsace na kumtambua kuwa konti. Louis alipowaita wawakilishi wa miji Arras ili asuluhishe, watu wa Bruges walimjibu kuwa kumchagua konti wa Flanders si kazi ya mfalme wa Ufaransa, na kwamba amekwisha pokea mark 1,000 kutoka kwa William kwa kitu ambacho hakikuwa chake kuuza.

Ajabu ni kwamba katika uwanja wa vita William alikuwa bora kuliko katika baraza. Tarehe 21 Juni 1128, kule Axpoel, alimkabili Thierry baada ya kuungama dhambi zake kwa abati wa Oudenburg na kukata nywele zake kwa toba. Aliificha sehemu ya jeshi lake nyuma ya kilima, akajifanya amerudi nyuma, kisha akawaachilia wale waliofichwa. Thierry alikimbilia Bruges na watu wachache. Ushindi huo ulimtatiza sana Galbert, ambaye mwanzoni alimpokea William kama konti halali, baadaye akamwandika kama mvunja viapo. Ilimbidi aumize kichwa kueleza kwa nini Mungu amempa ushindi mtu wa namna hiyo. Kalamu yake inayoyumba ndiyo inayomfanya aaminike.

Mwezi wa Julai William aliungana na Godfrey wa Louvain kuuzingira mji wa Aalst. Godfrey, kama tulivyoona, alikuwa baba mkwe wa Henry, na hata hivyo alisimama na adui wa Henry. Siasa za Flanders zilikuwa na mantiki yake. Mji ulikuwa karibu kuanguka. Katika rabsha moja William alijeruhiwa mkononi na askari wa miguu. Jeraha lilikuwa dogo. Likavimba, likageuka donda ndugu, na mkono mzima ukawa mweusi. Alikaa siku chache akiugua, akaomba avishwe joho la utawa, na akatuma barua kwa ami yake akimwomba msamaha, na kuwaombea wale waliomfuata uhamishoni wapokewe nyumbani. Alifariki mwishoni mwa mwezi huo, Helias akiwa kando yake. Godfrey aliificha habari hiyo mpaka alipomaliza kupatana na Thierry, kisha akamjulisha kwamba mtu aliyekuwa akipigana naye amekwisha kufa.

Alizikwa katika abasia ya Saint-Bertin huko Saint-Omer. Henry aliyakubali maombi ya barua ile, na wengi wa wafuasi wakarudishwa. Orderic ameandika kwamba Robert, akiwa kifungoni, aliota ndoto kuwa amechomwa mkuki mkono wa kulia, akaamka na kuwaambia walinzi kuwa mwanawe amekufa. Mzee huyo aliishi miaka mingine sita na kufia Cardiff Februari 1134. Henry alifuata Desemba 1135, na makabaila walioapa kumtambua Matilda wakamtawaza Stephen, mpwa mwingine wa mfalme, na vita vya ukoo vikaanza upya upande wa pili wa bahari. William wa Ypres, aliyekosa Flanders, aliviongoza kwa mshahara.

Thierry aliitawala Flanders hadi mwaka 1168. Baadaye alioa mke wa pili, Sibylla wa Anjou, yule yule aliyetenganishwa na William Clito. Mtoto wao Philip ndiye aliyemrithi baba yake.